Nta Iliyobaki Chini ya Pipa

Nyeri,
Jumanne, saa kumi jioni.

Kwako ndugu yangu Wahome,

Pokea salamu kutoka huku baridi. Najua utacheka, kwa sababu kila ukinipigia simu ukiwa huko kaskazini jua likikuchoma, swali lako la kwanza ni kama nimevaa sweta mbili. Leo nimevaa tatu. Mlima haujaonekana tangu Alhamisi, na nguo nilizofua Jumamosi bado ziko mbichi kwenye kamba. Mwili wangu ni mzima. Nakuombea nawe uwe mzima, na yale macho yaliyokuwa yakikuwasha kwa vumbi yawe yamepoa. Simeon, dereva wa lori la mapipa, aliniambia kuwa kambini mmerudi kula kunde kila siku. Kula tu, ndugu yangu. Ulipokuja Agosti nilikuona umekonda mabega, nikanyamaza kwa sababu Mama alikuwa ameshalisema mara mbili.

Jumapili nilienda nyumbani Mukurweini. Mama ni mzima, ila goti lile linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Mama amempa jina la mchumba wako. Wamucii mwenyewe alikuwepo, amekuja kutoka Kutus na mfuko wa mchele wa Mwea, na aliposikia ndama anaitwa Wamucii hakujua acheke au anune. Mama akamwambia asione vibaya, kwamba katika boma hili hakujazaliwa ndama jike kwa miaka minne, na jina zuri hupewa anayengojewa kwa hamu. Wamucii akajibu kwamba basi huyo ndama naye atafutiwe bwana mwenye kazi ya karibu, asiolewe na mtu wa mabomba. Tulicheka sote. Halafu kicheko kikaisha kwa pamoja, na kila mmoja akatazama kikombe chake cha chai.

Tulipoenda kuchuma mboga, Wamucii aliniuliza faraghani kama kampuni imeamua. Nikamwambia kikao ni Ijumaa. Akasema baba yake haulizi tena kuhusu harusi ya Desemba; anauliza tu kama wewe ni mzima, na hiyo ndiyo inayomtisha. Akaniuliza, maadamu mimi ndiye ninayesomea mambo haya, kama inawezekana mtu kama wewe, ambaye unaandika hata saa ya kumwachisha ndama, uwe umeandika saa ya uongo. Nilimwambia hapana. Alingoja niendelee. Nikainama nikachuma mboga ambazo hata hazijakomaa.

Jioni nilimsaidia Mama na maziwa. Kabla ya kuyamimina kwenye mkebe wa kupeleka kituoni, alichukua ule mwiko mrefu akakoroga mpaka chini, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilishindwa kumtazama. Nitakueleza ni kwa nini, ila nipe nafasi nifike huko kwa njia yangu, maana nikirukia hapo sasa hivi nitaichana barua hii kama nilivyozichana nyingine mbili.

Nimekupigia simu mara nne tangu wakusimamishe kazi. Mara zote nilikuwa nimejipanga kukwambia, na mara zote uliniuliza kuhusu goti la Mama, nikajibu kuhusu goti, tukaagana. Jumamosi uliniambia kwamba umeamua kusaini ile karatasi yao. Ulisema kwa sauti nyepesi, kama mtu anayesema ameamua kunyoa ndevu. Ulisema wameahidi kwamba ukikubali ulifunga bomba tangu usiku ukaandika asubuhi, watakuachilia urudi nyumbani bila kukushtaki, na kwamba umechoka. Halafu ukasema neno ambalo limenikosesha usingizi hadi leo. Ulisema labda kweli ulikosea, kwa sababu jedwali la masaa ya kusimamisha bomba lilitoka kwenye maabara ya chuo chetu, na watu wa chuo hawaandiki ovyo. Wewe mwenyewe umeniona nikikesha na vitabu.

Wahome, nataka Wamucii pia aisome barua hii, kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua kwa mikono yako.

Mafuta yanayotoka ardhini huko hayafanani na yale tunayotia kwenye stovu. Yana nta nyingi ndani. Yakiwa moto yanatiririka kama uji mwepesi. Yakianza kupoa nta inajishika kidogo kidogo, na yakipoa zaidi yanakuwa kama mafuta ya kupikia ya mkebe, unaweza kuyakata kwa kisu. Na kupoa kwake si kupoa kwetu. Joto linalokutoa jasho wewe mchana kutwa, kwa mafuta hayo ni baridi. Ndiyo maana mnayapasha kwenye stesheni kabla ya kuyasukuma, na bomba limevikwa koti. Maadamu yanasafiri, ni sawa. Hatari ni kusimama. Yakisimama ndani ya bomba yanapoa yakiwa yametulia, na nta inashikana vizuri zaidi kuliko ikiwa inatikiswa. Ukikawia kupita kiasi, unawasha pampu na mafuta hayasogei.

Kwa hiyo mtu wa pampu anahitaji kujua jambo moja tu: akisimamisha bomba kwa matengenezo, ana masaa mangapi. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama bomba. Ni lazima mafuta yaletwe maabara, yapashwe, yapoozwe polepole, na mashine ijaribu kuyazungusha kila baada ya muda ione yamekuwa magumu kiasi gani. Ile namba uliyobandika ukutani mwa chumba cha pampu, masaa tisa, ilitoka hapa Nyeri. Ulinitumia picha yake, umesimama kando yake umenyoosha dole gumba, na chini ukaandika kwamba dada yako yuko ukutani.

Siku ile ulisimamisha bomba saa moja asubuhi mbadilishe mpira wa vali uliokuwa ukivuja. Ukawasha saa saba na nusu mchana. Masaa sita na nusu. Ulikuwa na masaa mawili na nusu ya akiba, na bado ulinisimulia jinsi ulivyowaharakisha vijana wako mpaka wakakuita mkwe wa pampu, anayeogopa kuchelewa ukweni. Pampu ikanguruma, mshale wa kipimo ukapanda mpaka mwisho, mtambo ukajizima wenyewe. Mara tatu. Kilomita kumi na moja za bomba zikawa mshumaa mmoja mrefu. Simeon ameniambia walipokata kipande cha kwanza, mafuta hayakumwagika hata tone, yalisimama wima mle ndani, meusi yanayong'aa, na mtu mmoja akayagonga kwa bisibisi.

Na kamati ya kampuni ikafanya hesabu rahisi. Mafuta yanachukua masaa tisa kuganda, yameganda, kwa hiyo Wahome alizidisha masaa tisa, kwa hiyo Wahome ameandika uongo. Sina la kuwalaumu. Ukianza na namba ile, hakuna njia nyingine ya kutokea.

Sasa nifike kwenye mwezi wa saba.

Unakumbuka ruracio yako, sherehe ya kupeleka mahari, ilikuwa Jumamosi, na ilibidi tuwe Kutus kabla ya saa nne. Wanawake walikuwa waondoke Mukurweini kabla ya mapambazuko, na mimi, dada wa pekee, ndiye niliyekuwa nibebe kile kikapu cha mbele. Mama alikuwa amenipigia simu mara sita tangu asubuhi ya Ijumaa. Nilikuwa maabara na pipa la saba, lile ambalo kampuni ilikuwa inalingojea. Pipa likifika huku kutoka kwenu huwa limeganda lote. Utaratibu ni kulizungushia blanketi la umeme, kulipasha mpaka nyuzi themanini juu hadi chini, kuliacha hivyo kwa saa nzima, kulikoroga na fimbo ya chuma mpaka fimbo isikutane na chochote, halafu kuchota kutoka ngazi tatu: juu, katikati na chini. Ni kazi ya kutwa nzima.

Stima ilipotea saa nane mchana. Jenereta haikuwa na dizeli. Mafundi wa stima walisema itarudi baada ya saa moja, halafu wakasema jioni, halafu wakaacha kupokea simu. Adhis, fundi wetu wa maabara, yule mama wa Kisumu uliyesema anaongea kama redio, alitia kidole kwenye ukingo wa pipa akaniambia, "Msichana, pipa si sufuria ya githeri, uchote juu uache chini. Nenda kwenye sherehe ya ndugu yako, tutalipasha upya Jumatatu." Kisha akachukua mkoba wake akaenda zake.

Nilibaki peke yangu. Juu mafuta yalikuwa yameyeyuka, laini, yanang'aa. Nilitia fimbo. Ilizama mpaka kiwiko changu, halafu ikakwama, kama mwiko kwenye ugali wa jana. Chini kulikuwa bado kugumu, na huko ndiko nta nzito hukaa. Nilijua, Wahome. Sitaki upate nafasi ya kusema sikujua. Tulilelewa kwenye mkebe wa maziwa, mimi na wewe. Tuliwahi kupigwa kofi la mkono na Mama kwa kumpa karani wa kituo maziwa ya juu bila kukoroga, kwa sababu kipimo kitasema jambo ambalo si kweli na jina litakaloandikwa ni la Baba. Nilikuwa na miaka saba nikajua hilo.

Nilichota chupa tatu, zote kutoka juu. Nikabandika vibandiko. Moja nikaiandika juu, moja katikati, moja chini. Nikaziweka kwenye kabati, nikanawa mikono, nikaja kwenye sherehe yako.

Nilicheza siku ile mpaka viatu vikaniuma. Walipokuletea wale wasichana watano waliofunikwa leso ili umtafute wako, ukafunua ya kwanza ukakuta ni shangazi yake Wamucii, na yule mama akakushika mkono akasema umeshachagua, hakuna kurudi, nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye nyasi. Usiseme basi ni kwa ajili yako. Sikufanya kwa ajili yako. Ningeweza kurudia Jumatatu na sherehe ingekuwa imeshapita. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kujieleza. Jumatatu stima ilikuwa imerudi, Adhis akaniuliza kuhusu pipa, nikamwambia limeshachotwa. Nikaitia chupa ya kwanza kwenye mashine, na mstari uliotoka ulikuwa mzuri sana, hauna kona. Ya pili ikaufuata, ya tatu ikaufuata. Zilifanana kwa sababu zilikuwa kitu kimoja. Dkt. Ngatia, msimamizi wangu, aliitazama karatasi akasema katika miaka yake yote hajaona mwanafunzi aliyepata vipimo vitatu vinavyokubaliana namna hiyo. Nilimwambia asante.

Namba ya ukutani ni yangu. Ile tisa ni yangu. Saa yako ilikuwa sahihi, mkono wako ulikuwa sahihi, na macho yako hayana kosa lolote.

Nilipopata habari kwamba bomba limeganda, nilijua hata kabla Simeon hajamaliza kusimulia. Pipa la saba lilikuwa bado stoo, chini yake kukiwa kugumu. Nililipasha kutwa nzima, nikalikoroga, nikachota ngazi tatu. Adhis alisimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Mashine ilitoa masaa manne. Nikarudia. Manne. Ulipowasha pampu saa saba na nusu, bomba lilikuwa limekufa masaa mawili na nusu yaliyopita, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulifufua.

Nilienda kwa Dkt. Ngatia nikamwambia yote, pamoja na vibandiko. Alivua miwani akaiweka mezani, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Akaniuliza nani mwingine anajua. Halafu akasema ripoti ilikwishatoka na mhuri, kwamba kuiondoa ni jambo la baraza na baraza litakaa baada ya mitihani, kwamba maabara ina wanafunzi wengine kumi na wawili. Akasema atatafuta njia. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia kelele, ningepata ukuta wa kujigonga. Nilitoka pale na kikombe chake mkononi, nikagundua nikiwa ngazini, sikuweza kurudi kukipeleka. Kiko hapa dirishani.

Basi niliwaandikia kamati mimi mwenyewe. Wakajibu kwa mistari miwili. Walisema hawapokei maelezo ya wanafunzi kuhusu ripoti ambayo chuo hakijaiondoa, na kwamba ushahidi mpya kuhusu siku ile unaweza kuletwa na mfanyakazi aliyeitwa tu, kabla ya kikao au ndani ya kikao chenyewe. Niliisoma nikiwa nimesimama sokoni, nikarudia mpaka muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa.

Mfanyakazi aliyeitwa ni wewe. Kila mlango niliogonga umenirudisha kwako.

Ndani ya bahasha utakuta ukurasa wa daftari langu la maabara. Ndio wenyewe, si nakala. Siku ile ya Ijumaa, kabla ya kubandika vile vibandiko, niliandika kwa penseli: fimbo imekwama, chini hakujayeyuka, rudia Jumatatu. Tarehe iko juu, na herufi za kwanza za jina la Adhis ziko pembeni, maana alipofungua daftari Jumatatu alitia sahihi bila kusoma. Nyuma yake nimeambatisha vipimo vipya na sahihi yangu. Anayejua kusoma jedwali lenu akiweka karatasi hizo mbili pamoja, atajua ndani ya dakika moja kwamba hukuandika saa ya uongo.

Najua watanifukuza. Nimeshafungasha vitabu, si kwa ujasiri, bali kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na mikono yangu. Usinihurumie katika hilo. Ninachokiogopa ni wewe.

Nakujua. Ulimwambia karani wa kituo kwamba wewe ndiye uliyesahau kukoroga, siku ambayo ilikuwa zamu yangu. Ulikuwa na miaka kumi. Nilisimama nyuma yako nikiangalia visigino vyako na sikufungua mdomo, na tangu wakati huo sijui kama nimewahi kuufungua kweli. Utasoma barua hii, utakaa kimya, utaikunja karatasi hii uiweke ndani ya Biblia ya Baba, utasaini, utarudi Mukurweini kukamua ng'ombe. Ukiulizwa utasema barua haikufika. Na mimi nitaendelea na masomo, nitavaa joho, na utakuja kupiga makofi. Naliona jambo hili lote mbele yangu na hakuna ninaloweza kulizuia nikiwa huku. Nimekukosea, halafu nimekuletea wewe mwenyewe mzigo wa kunishtaki, kwa sababu watu wengine wote wamekataa kuupokea.

Simeon anaondoka kesho asubuhi na lori la mapipa matupu, na amesema Alhamisi mchana atakuwa kambini. Nimemwomba akupige picha ukiwa umeishika bahasha, anitumie. Alicheka akaniuliza tangu lini nimeandikwa polisi. Lakini ameahidi.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kila siku kama mafuta yameanza kwenda, na mimi namjibu bado. Sijamwambia. Nitaenda Ijumaa asubuhi nikae naye jikoni, ili saa ile ukiwa ndani ya kikao, mimi nami niwe mbele ya mtu. Wamucii anakusalimu, na yule ndama wa jina lake ameanza kusimama vizuri. Wasalimie vijana wako wa pampu, waambie mkwe wao hakukawia.

Ijumaa saa nne wakikuita, nakuomba, ingia na karatasi hii ikiwa mkononi, si mfukoni.

Ni mimi dada yako,
Wakiuru.